Siku Klara Alipotolewa Ndani

Wifi yangu Klara alizikwa hapa Ikungi katika juma lililotangulia Jumapili ya Matawi. Alikuwa mke wa kaka yangu Melkiori, mzaliwa wa Mungaa, na watu wengi waliopita barabara ya Dodoma miaka hii walikula chakula chake bila kulijua jina lake. Binti yake Theresia bado ni mdogo mno, hatakumbuka kitu. Kwa hiyo naandika mimi. Nimejaribu kulia nikashindwa. Padre ameniambia niache kujaribu, nifanye kazi iliyopo mbele yangu, na kazi hiyo ni hii.

Klara hakuwa mtu wa sifa nyingi. Alisoma mpaka darasa la nne. Alikuwa mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, na alipocheka alifunika mdomo kwa sababu ya jino lililovunjika alipoangukia jiwe la kusagia utotoni. Alipoolewa kwetu alikaa miaka bila kupata mtoto. Wanawake walimsema kisimani. Mama yangu, Anastazia, hakumsema, lakini hakumtetea pia. Mwisho Klara alimwambia kaka yangu amjengee banda kando ya barabara, jirani na uwanja wa mnada.

"Nyumbani sina wa kumlisha," alimwambia. "Nitalisha wapita njia."

Melkiori akajenga kuta za udongo, akaezeka mabati ya zamani yenye matundu ya misumari, akachonga mabenchi. Hiyo ndiyo ilikuwa hoteli ya Klara. Haikuwa na kibao. Asubuhi alipika chai na maandazi, mchana ugali wa uwele na kuku wa kuchemsha, na maziwa mgando kwa aliyetaka. Madereva wa malori walisimama, na basi la Dodoma lilisimama pia kama halijachelewa. Lakini walaji wenyewe hasa walikuwa wafugaji waliokuja mnadani na ng'ombe. Siku ya mnada ndiyo iliyolisha siku nyingine zote.

Mwaka 1973 Melkiori alikwenda kutafuta kazi kwenye ujenzi wa reli, kule upande wa Mlimba. Alipoondoka hakujua kwamba mkewe ana mimba. Klara mwenyewe hakujua. Alipogundua alinyamaza muda mrefu, akawa anapika huku anasali kimya, na sisi tukadhani anaumwa. Alipika mpaka asubuhi ya uchungu. Abiria waliokuwa wamekaa benchini siku hiyo walinywa chai, wakaondoka bila kumwona mwenye hoteli. Alikuwa tayari njiani kwenda zahanati, ameegemea bega la mama.

Mtoto alikuwa wa kike, mzima. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa masista na nilikuwa nyumbani nikingoja kuitwa kazini. Kwa hiyo niliyaona yote yaliyofuata.

Kwa wazee wa upande wetu, mwanamke akijifungua hukaa ndani. Hapikii watu wa nje. Chakula kilichopita mkononi mwake hakiliwi na mtu asiye wa nyumba ile mpaka atolewe. Baba wa mtoto huchinja beberu, mama mkwe humnyoa mtoto, humkabidhi mzazi mwiko, mzazi hupika, na mama mkwe ndiye wa kwanza kula. Anayekula kabla ya hapo, walisema, mikono yake itaanza kutetemeka, na itatetemeka mpaka kaburini. Wakristo tulikuwa wengi, na Waislamu walikuwepo, lakini kwa jambo hili sikumwona wa dini yoyote aliyelifanyia mzaha.

Tatizo letu lilikuwa beberu. Baba yetu alikuwa amekwisha kufariki, na Melkiori ndiye mtoto wa kiume pekee. Tulimtumia habari kupitia kwa dereva mmoja, na dereva huyo akampa mwenzake. Siku zilipita. Melkiori hakuja, wala neno lake halikuja. Mwezi wa kumtoa mzazi uliandama, ukapita, na Klara alikuwa bado ndani.

Hoteli nilipewa mimi. Nilijua kemia kidogo na historia ya Vita vya Majimaji, lakini sikujua kupika maandazi. Asubuhi ya kwanza Alphonce, dereva wa lori la pamba, aliligonga andazi mezani mara kadhaa.

"Dada," akasema, "hili usinifungie. Nipe hivi hivi. Nitaliweka chini ya tairi nikiegesha mlimani."

Benchi zima likacheka. Nilicheka na mimi, kwa sababu sikuwa na la kufanya. Jioni Klara aliniuliza kila kitu. Alikuwa ameketi kitandani katika nyumba ya mama, mtoto kifuani.

"Nani amekula?"

"Wawili watatu."

"Nani ameacha?"

"Wengine wote."

"Na kuku?"

"Kuku ameungua, wifi."

Alimhamishia mtoto titi la pili, akaangalia ukuta. "Kuku wa kuchemsha," alisema, "aliyeungua. Hiyo shule walikufundisha nini?"

Hakusema kwa hasira. Alikuwa amechoka. Mtoto alikuwa mnyonyaji mkali, analia akiwekwa chini, na Klara alikuwa amezoea kusimama tangu alfajiri. Ndani ya chumba kile alikuwa kama mtu aliyefungwa. Mama alimwambia ashukuru Mungu. "Ulimwomba mtoto miaka yote," alisema. "Sasa umepewa, unalilia sufuria." Klara alijibu kwamba anashukuru, na kwamba mtoto huyo huyo atataka nguo, na siku moja atataka shule, na Melkiori hajulikani alipo. Mama aliendelea kuchambua mlenda.

Ndipo Klara akapata wazo lake. Angekanda unga yeye, ndani, mama akiwa shambani. Mimi ningebeba donge lililokandwa, nikalikate na kulikaanga hotelini. "Kukanda si kupika," alisema. "Moto ni wako. Mwiko ni wako." Ili unga uumuke aliuweka kwenye bakuli, akaufunika kanga, akauweka kitandani ubavuni mwa mtoto, ndani ya blanketi moja, kwa sababu ndipo palipokuwa na joto. Nikiingia asubuhi niliwakuta wote wawili wamelala hapo, mtoto na unga. Nilimbeba mmoja nikamwacha mwingine.

Maandazi yaliinuka. Siku ya mnada watu walikula wakarudia. Mzee Nathanaeli, mfugaji wa siku nyingi ambaye kila mtu mnadani alimwamkia, alichukua la kwanza, akalimega katikati, akaangalia ndani yake kwa muda.

"Mtoto wa Anastazia."

"Abee. Shikamoo, babu."

"Marahaba. Hili umepika wewe?"

"Nimepika mimi."

"Juzi ulipika wewe pia?"

"Ndiyo, babu."

"Mtu hawezi kupika mawe juzi na leo akapika hivi," alisema. "Huu ni mkono wa Klara."

Niligeukia mafuta yaliyokuwa motoni. Hilo likamtosha. Aliliweka andazi benchini, polepole, kama kitu cha mtu mwingine ambacho hataki kukivunja, akasimama, akaisugua mikono yake kwa vumbi la chini. Waliokuwa wanatafuna waliacha. Mmoja alikwenda nyuma ya banda kutapika, ingawa hakuwa mgonjwa. Hakuna aliyenitukana. Walichukua fimbo zao wakarudi kwa ng'ombe, na mabenchi yakabaki matupu, na mafuta yakaendelea kuchemka juu ya moto.

Tangu siku hiyo hata madereva walipungua, kwa kuwa dereva akiona hoteli haina mtu hupita. Hoteli ilipata jina baya. Nilifungua kila asubuhi, nikakaa. Mama alipoambiwa yaliyotokea hakupiga kelele. Alimtazama Klara akasema, "Sasa umejifungia mlango kwa mkono wako." Klara alilia siku hiyo. Ni mara chache nilimwona akilia.

Baada ya hapo mwenyekiti wa kijiji, Yeremia, alikuja nyumbani pamoja na Marietha, kiongozi wa kikundi cha akina mama. Ulikuwa wakati ambao kila kijiji kilitakiwa kiwe na miradi ya pamoja. Yeremia hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka tu, kwa sababu waliokuwa juu yake walikuwa na haraka. Kwa kuwa Klara alikuwa hajatolewa, Yeremia hakuingia chumbani. Alikaa kwenye kigoda uani, akazungumza na mlango.

"Mama Theresia, habari za mtoto?"

"Mzima, mwenyekiti," sauti ya Klara ikatoka ndani.

"Tunamshukuru Mungu. Nimekuja kwa habari ya lile banda. Kamati imezungumza. Banda liko mahali pazuri, halina kazi. Akina mama wako tayari. Watapika kwa zamu, faida ya kijiji. Na wewe ukitoka utaingia zamu kama wenzako."

"Halina kazi? Wifi yangu yuko pale kila siku."

"Yupo, lakini mlaji hayupo. Hoteli isiyo na mlaji ni nyumba ya nzi."

Marietha akaongeza, kwa upole, "Klara, dada yangu, utapumzika. Una mtoto mchanga. Zamu yako ikifika mwenzako atakushikia. Wewe peke yako utabeba vyote mpaka lini?"

Nadhani neno hilo lilimwingia Klara, kwa sababu lilikuwa la kweli. Kisha akasema, "Mwenyekiti, nikipika mimi, wewe utakula?"

Yeremia akacheka, akamtazama mama, akaacha kucheka. "Nile kwa mkono wa mzazi ambaye hajatolewa? Mke wangu atanifukuza."

"Kwenye mkutano ulisema tuachane na mambo ya zamani."

"Nilisema mambo ya unyonyaji."

"Basi wewe hutaki hoteli. Unataka masufuria."

Hata Marietha alicheka, akajifunika kanga. Yeremia aliinuka. Hakukasirika, au hakuonyesha. Alisema kamati itangoja mnada unaofuata. Watu wakila, hoteli ni ya Klara, na yeye mwenyewe atawaambia kamati waache maneno. Wasipokula, Marietha na wenzake wataingia kesho yake. Mama alimsindikiza mpaka njiani kwa heshima zote.

Aliporudi, mimi nilisema labda tumwombe padre ambariki Klara, kama anavyobarikiwa mama yeyote aliyejifungua, halafu tutangaze kanisani. Mama alitikisa kichwa.

"Padre atambariki, na baraka ni kitu kikubwa. Lakini watu wa mnadani hawatamwuliza padre. Wataniuliza mimi."

"Basi waambie, mama."

"Niwaambie nini? Beberu hajachinjwa. Nikisema uongo wataniona machoni."

Klara alitoka mpaka kizingitini, mtoto begani. Alisema, "Mama, mimi siwezi kurudisha mtoto na siwezi kurudisha hoteli. Kama kuna kimoja unataka nikiache, niambie ni kipi." Mama aliingia jikoni, akakaa humo, na tulisikia anasali rozari peke yake. Sala ilikuwa ndefu kuliko kawaida. Aliposema Amina hakutoka.

Siku ya mnada mama aliamka kabla yetu. Alichemsha maji, akamchukua Theresia, akamnyoa kwa wembe mpya, taratibu, nywele zikaanguka kwenye kitambaa cheupe. Mtoto alilia kisha akanyamaza. Klara alikuwa amesimama, haelewi. Mama akachukua mwiko kutoka ukutani akampa.

"Beberu?" Klara akauliza.

"Tangulia ukawashe moto."

Alimfunga mtoto mgongoni mwake yeye mwenyewe, akavaa kanga yake ya kanisani, nasi tukaenda. Klara alitembea mbele haraka sana, nikashindwa kumfuata. Alipika ugali na kuku, na maandazi alikanda hapo hapo uwanjani kila mtu akimwona. Moshi ulitoka juu ya mabati. Watu wa mnada walifika na ng'ombe wao, wakaona nani anapika, wakasimama mbali. Hakuna aliyekuja. Yeremia alikuwa upande wa pili wa barabara, anazungumza na mtu, macho yake kwetu. Marietha alikuwepo.

Mama aliburuta benchi kutoka ndani, akaliweka nje kwenye jua, mahali ambapo mnada wote ungemwona. Akakaa, mtoto mgongoni. "Niletee," akasema.

Klara alileta sahani. Mikono yake ndiyo iliyokuwa inatetemeka, si ya mtu mwingine. Mama alinawa, akafanya ishara ya msalaba, akamega tonge.

Mzee Nathanaeli alikuwa amesogea bila kukusudia. "Mama Melkiori," akaita. "Beberu yuko wapi?"

"Yuko relini na mwanangu," mama akajibu, akatia tonge mdomoni. Akatafuna. "Wakija tutamla. Mimi nina njaa leo."

Kuna waliocheka. Nathanaeli hakucheka. "Huogopi mikono yako?"

"Mikono yangu imelima, imezika mume, imepokea huyu mtoto. Ikitetemeka itakuwa imechoka." Alimega tena. "Aliyenipa mimi mjukuu ndiye aliyempa Klara mkono wa kupikia. Sioni kwa nini nipokee kimoja nikatae kingine. Nathanaeli, unaniharibia chakula. Kaa au ondoka."

Alikula mpaka sahani ikaisha. Hakuharakisha. Alivunja mfupa wa kuku, akanyonya, akaomba maziwa. Sijawahi kumwona mtu akila peke yake mbele ya watu wengi kiasi kile. Nilitazama vidole vyake wakati wote, na najua kila mtu alivitazama. Alipomaliza alinyoosha mikono mbele, akanawa.

Wa kwanza kuja alikuwa Alphonce, ambaye hakuwa mtu wa kwetu na hakuhesabiwa. Kisha walikuja vijana wawili wa Mungaa, kwa sababu walikuwa ndugu za Klara, au kwa sababu ya njaa. Kisha mmoja, kisha wengine. Nathanaeli hakula siku hiyo. Alikaa benchini tu karibu na mama, akaongea naye habari za ng'ombe, na kukaa kwake kukatosha. Mchana sufuria zilikuwa tupu. Yeremia alivuka barabara, akasimama mlangoni.

"Nimeona," alimwambia Klara.

"Karibu chakula, mwenyekiti."

"Nimeshiba," alisema haraka, akaondoka, na Marietha akacheka mpaka akashika ukuta. Baadaye Marietha aliingia jikoni bila kuitwa, akaosha vyombo.

Mtoto alikuwa ameshinda mgongoni mwa mama tangu asubuhi, amepewa maji ya uvuguvugu kwa kijiko. Gauni la Klara lilikuwa limelowa kifuani, na yeye hakuwa ameona. Alipomchukua mtoto hatimaye, Theresia aligeuza uso. Alikuwa amechoka kulia na amechoka kungoja. Klara alikaa chini kwenye majivu, akambembeleza, akamkamulia mdomoni tone kwa tone mpaka akakubali. Nilidhani angekuwa na furaha. Alikuwa anatazama mbele, amepauka kwa unga.

Hivyo ndivyo alivyoishi toka hapo. Asubuhi alimlaza mtoto kwenye kikapu nyuma ya meza, alimnyonyesha kati ya wateja, alikoroga uji kwa mkono mmoja. Melkiori alirudi Krismasi, akachinja beberu wake, tukala. Ulikuja mwaka wa njaa na unga wa njano, ule watu waliouita unga wa Yanga, na Klara aliupika huo huo. Nyumba nyingi zilihamishiwa kando ya barabara, katika vijiji vya ujamaa, banda likabaki kwa kuwa lilikuwa barabarani tayari. Mikono ya mama haikutetemeka. Mpaka leo haitetemeki.

Klara alikufa akijifungua mtoto wa pili. Mtoto naye hakuishi. Ilitokea mchana, watu wakiwa wanakula. Wauguzi wa zahanati walifanya walichoweza. Yeye hakusema neno la kukumbukwa. Aliuliza kama moto umezimwa, nikamwambia umezimwa. Naamini yuko mahali pema, na ninaposema naamini, nasema kama ninavyosema siku hizi kila kitu. Maneno yanatoka, nami niko pembeni nayasikiliza.

Matanga yalipoisha na Melkiori kurudi relini, Yeremia alikuja, akakaa uani, akatoa pole. Mama hakungoja aanze. "Mwenyekiti," alimwambia, "tunafungua hoteli mnada huu. Mtoto wake anakua. Ile ni ya kwake." Yeremia alisema ni sawa, akaniuliza kama nimeitwa kazini. Nilimwambia nimeitwa, Dodoma, na kwamba nimeandika kuwa siendi kwanza.

Sasa nawasha moto mimi. Theresia anazunguka kati ya mabenchi, anawashika madereva magoti. Juzi alianza kumwita mama yangu "mama". Mama alinitazama, nami nikamtazama. Hatukumsahihisha mtoto. Mama alimpa kipande cha andazi, akaendelea kupepeta mchele.